Mfanyakazi wetu wa ndani ameelemewa na hamu ya kwao: tumsaidieje bila kumwongezea mzigo?

#1 Mama wa Mapacha (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, ndugu wasomaji. Naomba ushauri wa wale waliowahi kuishi na mfanyakazi wa ndani aliyetoka nchi nyingine, na zaidi sana wa wale waliowahi kuifanya kazi hiyo wenyewe ugenini, kwa sababu nadhani wao ndio wenye jibu ambalo sisi waajiri tunalitafuta kwa kupapasa.

Dada anayetusaidia ana umri wa miaka 31 na huu ni mwezi wa nne tangu aje kukaa nasi. Kazi yake haina dosari, na wanangu mapacha wa miaka miwili wamemzoea kiasi kwamba wakianguka humwita yeye kabla ya kuniita mimi. Kwao ameacha mtoto wa kiume wa miaka minane anayelelewa na bibi yake. Wiki za mwanzo alikuwa mchangamfu, akiuliza maswali na kucheka makosa yake ya lugha, kwa maana lugha tunayozungumza naye si yake wala si yetu, ni lugha ya tatu ambayo kila upande unaijua nusunusu.

Tangu mwezi wa tatu uanze, amebadilika. Anakula kidogo, macho yake asubuhi ni mekundu, usiku wa manane nasikia hatua zake sebuleni, na jioni huinama juu ya sinki kwa muda mrefu kuliko ule ambao vyombo vinahitaji. Nimemuuliza mara tatu kama ana tatizo, na mara tatu amenijibu kwamba yuko sawa. Nilimnunulia nguo, akashukuru, akaikunja na kuiweka. Nikamwambia ajisikie yuko kwake, kwamba sasa yeye ni mmoja wetu, nikaona uso wake unazidi kufunga.

Msije mkanidhania vibaya: ana kitanda chake katika chumba cha watoto, mshahara haujawahi kuchelewa, Jumapili mchana hana kazi nyingi, na simu anaitumia jioni kazi zikishaisha, ila si katika saa za kazi, utaratibu ambao naamini uko mahali popote pa kazi. Mume wangu anasema tumwache, itapita yenyewe. Mimi naogopa kwamba haitapita, au itapita kwa kuacha kitu kibaya nyuma yake.

#2 Baba Mwenye Nyumba

Mama, mumeo ana hoja. Nimeishi na wafanyakazi wanne kwa nyakati tofauti, wote wa kutoka mbali, na kila mmoja alipita katika kipindi hicho kisha akatulia. Ninachokuonya ni kumdekeza. Ukianza kumuuliza kila asubuhi kama amelala vizuri, utamfundisha kwamba huzuni ina malipo. Mpe kazi za kutosha ili akili isipate nafasi ya kuzurura, kisha subiri.

#3 Msafiri wa Zamani

Nimefanya kazi ya ndani ugenini kwa miaka tisa, katika nyumba mbili, kwa hiyo naomba nijibu nikiwa upande wa pili wa sinki hilo.

Ndugu hapo juu amesema nusu ya ukweli. Kazi husahaulisha, na mchana mimi nilikuwa mzima kabisa. Hamu ya nyumbani ilinijia pale mikono ilipotulia, yaani usiku nikishazima taa, na alfajiri katika zile dakika chache kabla sijakumbuka niko wapi. Lakini ukimrundikia mtu kazi ili asiwaze, unachomnyima ni muda wa kulia tu. Kilio chenyewe kinabaki palepale kinamngoja.

Jambo ambalo waajiri wengi hawalioni ni hili. Mtu mwingine yeyote aliye mbali na kwao, awe mwanafunzi, askari au karani, akitoka kazini hurudi mahali ambapo anaweza kuuvua uso wa kazi. Anayelala kwa mwajiri wake hana pa kurudi, kwa sababu anapolala ndipo kazini. Akilia, analia kazini. Akinyamaza, inasemekana amemnunia bosi. Katika nyumba yangu ya kwanza nililala chumba kimoja na watoto wa mwenye nyumba, kama huyu dada, na mahali pekee penye komeo palikuwa bafuni. Nilikuwa nikifungua bomba ili sauti isitoke, nalia, nanawa uso, natoka. Siku moja nikaambiwa kwamba ankara ya maji imepanda na kwamba niache kuoga mara mbili kwa siku. Nilikubali, kwani ningesema nini? Tangu siku hiyo nilijifunza kulia bila sauti, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuugua.

Mama wa nyumba ya pili hakuwa mtu wa maneno matamu. Kwa kweli alikuwa mkavu. Siku niliyofika alinionyesha chumba kidogo, akanipa ufunguo, akaniambia kwamba ufunguo mwingine wa mlango huo haupo. Kazi inaanza saa fulani na kuisha saa fulani, akasema, na baada ya hapo akinihitaji atagonga, nami nina hiari ya kutofungua. Nilimjaribu katika wiki ya pili. Aligonga, sikufungua, na asubuhi hakusema lolote. Ndugu zangu, usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja kwa miaka mitatu. Hamu ya kwetu haikuisha, ila ilipata chumba chake.

Kuhusu lile la kumwambia ni mmoja wenu, mama, najua ulilisema kwa moyo mweupe. Lakini mtu anayewalilia ndugu zake, ukimwambia kwamba amepata ndugu wengine, husikia kama anatakiwa abadilishane. Tena katika nyumba ya kwanza maneno hayo yalikuwa yakifuatwa na ombi, kwa sababu ndugu hahesabiwi saa za kazi na huitwa wakati wowote. Kilichonigusa mimi ni swali moja ambalo yule mama mkavu aliniuliza huku tukikunja nguo: mama yako anaitwa nani? Nikamtajia. Kuanzia siku hiyo alikuwa akiniuliza habari za mama yangu kwa jina lake. Katika nchi ile nzima, hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka jina hilo.

Kwa hiyo usimuulize tena kama ana tatizo, maana swali hilo lina jibu moja tu kwa mtu anayeogopa kupoteza kazi. Muulize mambo yenye majibu. Mtoto wake yuko darasa la ngapi? Anarudi shuleni saa ngapi? Huwa wanaongea lini?

#4 Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono, nikiongeza machache ya upande wangu. Mara nyingi tunaletewa wafanyakazi wa ndani wanaolalamika kichwa, tumbo au mgongo, na vipimo vyao vyote hutoka safi. Mwajiri hukasirika kwamba amepotezewa muda. Mimi huomba abaki nje, nikae na mgonjwa peke yake na, ikilazimu, mkalimani asiye wa nyumba hiyo. Dakika kumi baadaye maumivu ya kichwa huwa yamekwisha kuwa habari ya mtoto au ya mzazi mgonjwa aliyeachwa.

Hamu ya nyumbani si utoto, na wala si jambo jipya kwa waganga. Mwaka 1688, mjini Basel, Johannes Hofer aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu maradhi hayo, akayaundia jina la nostalgia kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: nostos, yaani kurejea nyumbani, na algos, yaani maumivu. Alimtaja kijana mmoja wa Bern aliyezidiwa akiwa masomoni Basel, ambaye alianza kupata nafuu mara safari ya kumrudisha ilipoanza. Ninapenda kuwakumbusha watu kwamba nafuu hiyo ilianza njiani, kabla hajafika. Nami nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, kwamba mfanyakazi ambaye tarehe yake ya likizo imeandikwa na nauli inajulikana atatoka wapi huvumilia miezi kumi na minane kuliko yule wa miezi sita anayeambiwa kila mara kwamba tutaona.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1909, Karl Jaspers, ambaye alikuja kuwa mwanafalsafa, alitoa tasnifu yake ya udaktari kuhusu hamu ya nyumbani na uhalifu, na wengi wa aliowachunguza walikuwa wasichana wadogo waliopelekwa mbali kulea watoto wa watu. Silitaji hili ili kumtia mtu hofu na yaya wake. Wasichana wale walikuwa karibu watoto wenyewe, na hawakuwa na njia yoyote ya kusema nirudisheni ikasikika.

Sasa, mama, tofautisha hamu na sonona. Hamu huja kwa mawimbi: leo amezama, kesho anacheka na watoto, akisikia habari njema anachangamka. Ukiona huzuni imekaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, na vitu alivyovipenda havimvuti tena, na chakula na usingizi vimeharibika, na anajiona hana thamani, hapo anahitaji mhudumu wa afya. Na akitamka neno lolote la kutamani kufa, usiogope kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na usimwache peke yake mpaka msaada upatikane.

Jambo la mwisho, chunguza usingizi. Mtu asiyelala huumwa na kila kitu mara mbili.

#5 Mama wa Mapacha (mwanzisha uzi)

Nimesoma yote, na naandika nikiwa na aibu.

Leo tulikuwa tunakunja nguo (nimekuiga makusudi, Msafiri), nikamuuliza mwanawe anarudi shuleni saa ngapi. Akasema saa kumi jioni. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kwao wako mbele yetu kwa saa tano. Nikahesabu kwa vidole. Saa kumi jioni ya kwao ni saa tano asubuhi ya hapa, katikati ya saa za kazi, wakati ambao mimi nimepiga marufuku simu. Na ile jioni niliyodhani nimempa, akimaliza kazi saa mbili usiku, kwao ni saa saba usiku na mtoto amelala.

Miezi miwili ya mwanzo shule zilikuwa zimefungwa, na bibi alikuwa akimruhusu mtoto alale mchana ili akeshe akimngoja mama yake. Shule zilipofunguliwa, ruhusa hiyo ikaisha, na bibi alikuwa na haki. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwezi mzima dada huyu amekuwa akiamka saa nane usiku ili ampate mwanawe saa moja asubuhi kabla hajatoka kwenda shule. Anatoka chumbani kwa sababu mapacha wamelala humo, ndiyo maana nilikuwa nasikia hatua sebuleni. Wanaongea dakika kumi kwa kunong'ona, halafu usingizi haurudi, na saa kumi na mbili anaamka kuandaa watoto wangu.

Hakunilalamikia hata kidogo. Alidhani ninajua. Sikujua nimwombe radhi kwa lugha gani kati ya tatu tulizo nazo, nikabaki nimeshika shuka.

#6 Mtu wa Mikataba

Nimefanya kazi ya kukagua mikataba ya ajira za nyumbani, na ningependa kuonyesha kwamba karibu kila kilichosemwa hapa kimekwisha kuwekwa katika maandishi. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021, wafanyakazi wa nyumbani duniani ni milioni 75.6, na zaidi ya robo tatu yao ni wanawake. Kundi kubwa kiasi hicho lilipata mkataba wake wa kimataifa, yaani Mkataba Namba 189, tarehe 16 Juni 2011 tu, na ukaanza kutumika tarehe 5 Septemba 2013. Nchi nyingi bado hazijauridhia, kwa hiyo angalia sheria ya nchi mnamoishi. Lakini hata pale ambapo hauna nguvu kisheria, ni kipimo kizuri cha kujipimia.

Ibara ya 10 inataka mapumziko ya kila juma yasiyopungua saa 24 mfululizo. Jumapili mchana yenye kazi si nyingi, mama, haijafika hapo. Ibara ya 9 inasema kwamba anayelala kwa mwajiri halazimiki kubaki ndani ya nyumba wala na watu wa nyumba hiyo wakati wa mapumziko yake au likizo yake, na kwamba ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria mwenyewe. Kama pasipoti yake iko katika kabati lako, hata kwa nia ya kuitunza, mrudishie leo. Mtu asiyeweza kurudi kwao hata akitaka huihisi hamu kwa namna nyingine kabisa kuliko aliyechagua kubaki.

Pendekezo Namba 201, linaloandamana na mkataba huo, linataja chumba cha faragha cha peke yake, chenye samani na hewa ya kutosha, chenye kufungika, na ufunguo wake akabidhiwe mfanyakazi. Ufunguo wa Msafiri haukuwa hisani, basi. Pendekezo hilohilo linasema kwamba muda anaousindikiza familia ya mwajiri mapumzikoni usihesabiwe kuwa likizo yake, jambo ambalo nimelazimika kulieleza mara nyingi kwa watu wanaosema kwamba walimpeleka ufukweni, anataka nini zaidi.

Kulala chumbani na watoto wadogo wanaoamka usiku ni suala jingine. Mkataba unaelekeza kwamba vipindi ambavyo mfanyakazi hana uhuru na muda wake, kwa kuwa anangoja kuitwa, vihesabiwe kuwa saa za kazi kwa kadiri ambayo sheria ya nchi inaeleza. Sitaki kukutia hesabu kichwani, lakini huyo dada amekuwa kazini usiku na mchana kwa miezi minne.

Mwisho, uliza kwa upole kama ana deni la kuletwa. Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 unakataza mawakala wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, ukiacha nafasi kwa mambo machache tu, lakini wengi husafiri wakiwa wamekopa. Mwenye deni hawezi kuwaambia watu wa kwao kwamba anateseka, kwa sababu wao ndio waliodhamini mkopo. Na pale ambapo kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri mmoja, hawezi kukuambia wewe pia. Ndipo linapozaliwa lile jibu la "niko sawa".

#7 Baba Mwenye Nyumba

Sibishani na mikataba. Lakini tuseme ukweli ambao sisi waajiri tunauogopa: ukimpa siku nzima nje, na simu saa tano asubuhi, na mlango unaofungwa kwa ndani, siku moja utagonga na hayupo. Mmoja wa wale wanne niliowataja aliondoka hivyo, bila kuaga, na mwanangu alimlilia wiki nzima. Sisi pia tunaumia.

#8 Msafiri wa Zamani

Ndugu yangu, nimekuelewa, na sitakubeza kwa ajili ya mwanao. Naomba tu nikuulize kama huyo aliyeondoka alikuwa akipata siku ya kutoka. Nyumba niliyoitoroka mimi ni ile ya kwanza, ambayo lango lake lilikuwa likifungwa. Kwa miaka mitatu niliutazama mlango ule kila siku, nikajua unavyolia, nikajua mlinzi analala saa ngapi. Katika nyumba ya pili mlango ulikuwa wazi, na nilikaa miaka sita, nikaaga, nikasindikizwa.

Na kuhusu mwanao kumlilia, naye huenda alimlilia mwanao. Hilo ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu aliyemwacha wake akija kumlea wako, mkono unaomwogesha wako unamkumbuka wake. Kuna siku nilikuwa nampenda sana yule mtoto wa kwanza, na siku hizohizo nilikuwa namchukia kwa dakika moja, kwa sababu alikuwa anapata nyimbo zangu ambazo hazikuwa zake. Wanasosholojia wana jina lao la mambo haya, mnyororo wa malezi: mimi kwako, mama yangu kwangu, na mtoto wangu mwishoni mwa mnyororo akiwa na simu mkononi. Kwa hiyo, Mama wa Mapacha, wanao wakimwita yeye kwanza, usimsifu kwa hilo ukidhani unamfurahisha.

Hiyo simu nayo ina sumu yake, nisiifiche. Zipo simu zilizokuwa zikiniacha vibaya kuliko kutopigiwa: za ada, za paa linalovuja, za binamu asiyekuwa na hata salamu. Mwajiri hana la kufanya hapo, wala asijaribu kuzipanga. Ila nilipoanza kutenga siku moja ya mambo ya fedha na siku nyingine za mazungumzo tu, nafsi yangu ilitulia, na kama dada huyo atakuomba ushauri, mpe huo kwa niaba yangu.

#9 Msomaji Kimya

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni msiba. Mfanyakazi wetu alifiwa na baba yake mwezi wa saba akiwa kwetu. Hakukuwa na namna ya kuwahi maziko. Mke wangu alitaka kumpa pole na kumpa siku mbili za kulala, lakini yeye akaomba asilale. Aliomba kompyuta ili ayatazame maziko kwa video, na akaomba mtu wa kukaa naye asiyesema kitu. Nilikaa mimi. Sikuelewa neno hata moja la yaliyokuwa yakisemwa, lakini alipokuwa akiinuka, niliinuka. Baadaye wenzake wa lugha yake walikuja nyumbani kwetu jioni tatu, tukawaachia sebule.

Nashauri mwajiri aulize mapema, kabla hapajaharibika neno, nani wa kupigiwa simu kwao na nini kifanyike habari mbaya ikija. Sisi hatukuuliza, tukawa tunahangaika usiku wa manane.

#10 Mama wa Mapacha (mwanzisha uzi)

Wiki saba zimepita, na wapo walioniomba nirudi nieleze.

Chumba tulichokuwa tumejaza mabegi na baiskeli tumekiondoa vitu, kikapigwa rangi, kikawekwa kitasa kipya. Kilikuja na funguo mbili na nilimpa zote mbili. Pasipoti alikuwa nayo mwenyewe tangu mwanzo, angalau hilo sikulikosea. Mapumziko yake sasa yanaanza Jumamosi saa mbili usiku mpaka Jumapili saa kama hiyo, na tarehe ya likizo yake ya kwanza, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, tumeiandika katika mkataba. Aliisoma mara mbili, akaipiga picha, akamtumia bibi wa mtoto palepale. Muuguzi, ulisema nafuu huanza njiani. Kwake ilianza kwenye picha hiyo. Deni la kuletwa analo, na amebakiza kidogo. Sikulilipa, kwa sababu hakutaka, ila tumekubaliana namna ya kumlipa mshahara ili tarehe za marejesho zisimkwamishe.

Saa tano asubuhi ni yake. Nusu saa, kila siku ya shule, mlango umefungwa. Mapacha walipinga kwa vilio siku nne, kisha wakazoea, kama Baba Mwenye Nyumba alivyotabiri kwamba watu huzoea, ila si wale aliowafikiria.

Yasiyo mepesi niyataje pia. Usiku sasa naamka mimi, na nimegundua kazi niliyokuwa nimeitupa kwa mtu bila kuihesabu. Nimechoka, na mume wangu amejifunza kubadilisha nepi gizani. Jumapili ya kwanza dada hakutoka kabisa. Alijifungia kutwa nzima, na mara mbili niliufikia mlango wake nikiwa nimeinua mkono nigonge, nikamkumbuka yule mama mkavu, nikarudi. Jumapili ya pili alitoka, akawapata watu wa lugha yake, na jioni aliporudi alikuwa bado anacheka jambo fulani ambalo alijaribu kunitafsiria akashindwa. Nilijisikia nimeachwa nje, na nadhani ilikuwa haki yangu kujisikia hivyo kwa dakika chache. Anakula sasa. Usingizi umerudi. Zipo Jumatatu ambazo bado macho yake ni mekundu, na siku hizo namuuliza habari za bibi kwa jina lake, basi.

Jana mwanawe ametimiza miaka tisa. Saa tano asubuhi nilisikia akiimba nyuma ya mlango, na kwenye simu sauti nyingi zikimwitikia, na mapacha wakakaa sakafuni upande wa huku wakipiga makofi bila kujua wanampigia nani. Nusu saa ikapita, ikawa saa nzima. Alipofungua mlango alikuwa analia, wala hakupitia bafuni kunawa uso kwanza. Akasema amechelewa kuanza kupika. Nikamwambia kwamba sufuria iko jikoni tayari.